Nikifuta posti ya mwanachama, nimevunja Katiba?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasimamia grupu la Facebook la wakulima na wanunuzi wa viazi mviringo. Tulianzia Uyole, lakini sasa wanachama wapo mpaka Makambako na Njombe. Mwanachama mmoja aliposti kwamba dalali fulani ni mwizi, anawalazimisha watu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, akaweka picha ya gari lake na namba yake ya simu. Niliifuta posti na kumtoa kwenye grupu. Sasa anasema nimevunja Ibara ya 18 ya Katiba na atanishtaki, na nusu ya wanachama wako upande wake. Wakati huohuo Facebook nao wamefuta tangazo letu la mbegu, wakasema ni spamu, basi. Huyu bwana ana haki? Na sisi tuna haki gani kwa Facebook? — Msimamizi, Mbeya

JIBU: Marahaba. Maswali yako mawili yana mzizi mmoja. Kwa mwanachama uliyemtoa, wewe ni mwenye nyumba. Kwa Facebook, wewe ni mpangaji. Na ukiyasoma tena maelezo yako utaona kwamba unachomlalamikia mwenye nyumba wako ndicho mpangaji wako anachokulalamikia wewe: nimefutiwa, na sijaambiwa kwa nini.

Tuanze na kitisho cha mahakama. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, na uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Wengi watakuambia usihangaike, uhuru huo unaifunga serikali tu, na kundi la Facebook ni mali ya watu binafsi. Jibu hilo limeagizwa kutoka Marekani, na likifika kwetu halikai vizuri sana.

Kule lina mantiki kwa sababu Nyongeza ya Kwanza ya Katiba yao, ya mwaka 1791, inamtaja anayekatazwa: Bunge lisitunge sheria ya kupunguza uhuru wa kusema. Mahakama zao zimeushika mstari huo kwa muda mrefu, isipokuwa katika mambo machache. Maarufu zaidi ni kesi ya Marsh dhidi ya Alabama ya mwaka 1946. Grace Marsh, Shahidi wa Yehova, alikamatwa akigawa machapisho ya dini katika mji wa Chickasaw, ambao barabara zake na maduka yake yote yalikuwa mali ya kampuni ya kuunda meli. Mahakama ya Juu ilimpa haki Marsh: mwenye mji mzima hawezi kujificha nyuma ya hati ya kiwanja. Tangu hapo kila anayefungiwa akaunti hutamani kusema kwamba Facebook au YouTube ndiyo Chickasaw ya leo. Mahakama ya rufani ililikataa dai hilo mwaka 2020 katika kesi ya Prager University dhidi ya Google. Kampuni haigeuki kuwa serikali kwa sababu tu watu wengi wanapitia kwake. Mwaka 2024, katika Moody dhidi ya NetChoice, Mahakama ya Juu iliongeza kwamba kuchagua na kupanga posti za watu kwenye ukurasa kama ule wa mwanzo wa Facebook ni namna ya kampuni yenyewe kujieleza. Tena kuna kifungu cha 230 cha sheria yao ya mwaka 1996, kinachoikinga kampuni pande zote mbili: haihesabiwi kuwa ndiyo iliyosema maneno ya mtumiaji, na haishtakiwi kwa kuyaondoa ikiwa imeyaondoa kwa nia njema. Sheria za ndani za Facebook unazozisoma ukiwa Uyole zimekulia katika udongo huo.

Katiba yetu imeandikwa vingine. Ibara ya 18 haimtaji anayezuiwa. Na Ibara ya 30(3) inamruhusu anayedai kwamba haki yake imevunjwa, inavunjwa au inaelekea kuvunjwa na mtu yeyote, popote katika Jamhuri ya Muungano, kufungua shauri Mahakama Kuu. Mtu yeyote, pamoja na msimamizi wa kundi la viazi. Kwa hiyo usimcheke huyo bwana.

Lakini safari yake ni ndefu. Shauri la namna hiyo hufuata Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3. Lazima aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Hilo liliongezwa mwaka 2020. Kifungu cha 8(2) kinaizuia Mahakama Kuu kutumia mamlaka yake kama mlalamikaji ana njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu. Kisha Katiba hiyohiyo inakupa wewe silaha: Ibara ya 30(1) inasema haki za mtu zisitumiwe kuingilia haki za wengine, 30(2) inaruhusu sheria za kulinda heshima na maisha ya binafsi ya watu, na Ibara ya 20 inawapa watu uhuru wa kukutana na kujiunga na wanaotaka. Halafu kuna jambo la kawaida kabisa: aliyetolewa kwenye kundi lako anaweza kufungua lake jioni hiyohiyo na kuandika yaleyale. Ni kazi kumwaminisha jaji kwamba mtu huyo amezibwa mdomo.

Kwa hiyo kesi yake ya Katiba ni dhaifu. Lalamiko lake kama mwanachama, hata hivyo, lina uzito, na hapa mimi nakuwa upande wake zaidi kuliko ulivyotarajia. Mfano bora niujuao unatoka Ujerumani. Tarehe 29 Julai 2021 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya huko ilisema Facebook ina haki ya kuweka kanuni kali kuliko sheria ya nchi na kufuta hata maneno ambayo si kosa kisheria. Lakini kwa sababu wanaotumia mtandao nao wana uhuru wao, kampuni lazima imwarifu mtumiaji, japo baada ya kufuta, kwamba posti yake imeondolewa, lazima imjulishe kabla ya kumfungia akaunti, imwambie sababu, na impe nafasi ya kujibu kisha iamue upya. Masharti ya Facebook hayakuwa na hayo, kwa hiyo yakatupwa. Baadaye Umoja wa Ulaya uliyaweka mambo kama hayo katika sheria yake ya huduma za kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024. Sheria hizo hazifiki Mbeya. Lakini ukitaka kujua msimamizi mwenye haki anafanya nini, ziko pale: taarifa, sababu, nafasi ya kujibu, uamuzi wa pili.

Wewe uliruka zote nne. Tena ulitoa adhabu mbili kwa mpigo, kufuta na kufukuza, kwa kosa la kwanza.

Turudi kwenye posti yenyewe, maana ndani yake mlikuwa na vitu vitatu tofauti na ukavitupa vyote pamoja. Cha kwanza ni habari kwamba dalali analazimisha lumbesa. Hiyo ni habari halali, na ni ya maana kwa kila mkulima wa Uporoto na Njombe anayepoteza ndoo nzima juu ya kila gunia. Sheria ya Vipimo na kanuni zake zinataka mazao yauzwe kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100. Kuna hata ofisi ya kupeleka lalamiko, Wakala wa Vipimo. Kundi la wakulima wa viazi lisiloruhusu mjadala wa lumbesa sijui liko kwa ajili gani.

Cha pili ni neno mwizi. Hapo aliyeandika amemtuhumu mtu kwa jinai. Kama hawezi kuthibitisha, dalali anaweza kumdai fidia kwa kumchafulia jina. Kama alijua ni uongo na alikusudia kumkashifu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inasema faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 23, cha unyanyasaji mtandaoni, kina adhabu ileile, na wanachama ambao wangempigia dalali usiku kumtukana wangeweza kuangukia hapo. Angalia kwamba vifungu hivi vinadai kujua au kukusudia. Mkulima anayesimulia kwa kweli kilichompata kwenye gunia lake hayumo.

Cha tatu ni namba ya simu na picha ya gari. Hivi havikuongeza ukweli wowote. Vilikuwa mwaliko kwa watu kumfuata. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, na tume yake. Kumwaga namba ya mtu mbele ya maelfu ya watu wasiomhusu si tabia ya kulizoesha kundi.

Kwa hiyo posti ilistahili kuondolewa kama ilivyokuwa. Ilistahili pia kurudishwa ikiwa imesafishwa. Hayo mawili hayapingani.

Na wewe mwenyewe? Sheria ya Makosa ya Mtandao haimlazimishi mtoa huduma kukagua kila kinachowekwa. Hilo liko kifungu cha 39. Kama msimamizi wa kundi anahesabika kuwa mtoa huduma ni jambo ambalo mawakili wanaweza kubishana mpaka jioni. Njia salama ni kufuata utaratibu wa kifungu cha 45, wa taarifa ya kuomba maudhui yaondolewe: iwe kwa maandishi, yenye jina na anwani ya mlalamikaji, saini yake, haki anayodai imevunjwa, maudhui yenyewe na mahali yalipo, na hatua anayotaka ichukuliwe. Dalali akikupigia simu kwa ukali, mwombe hayo. Wengi wenye malalamiko ya kweli watayaandika. Wanaotaka tu kukutisha wataishia kwenye simu. Ila ukishapata taarifa kamili usikae nayo. Kujua na kunyamaza ndiko kunakomtia mtu matatani.

Sasa utaratibu wa kufuta, kwa mpangilio wake, maana mpangilio ndio unaokosewa. Kabla ya kugusa chochote piga skrinishoti: posti nzima, jina la aliyeweka, tarehe na saa, na komenti zilizo chini yake. Nakili na linki. Ukifuta kwanza umepoteza ushahidi wako na wa dalali pia, na mkifika kwa polisi au kwa wakili kila mtu atakuwa na toleo lake. Baada ya hapo jiulize kama kufuta ndiyo hatua ndogo inayotosha. Mara nyingi kufunga komenti kunatosha: posti inabaki, moto unazimika. Kama tatizo ni namba ya simu tu, mwandikie mwenye posti aihariri, mpe saa 2, na ikiwa hayupo hewani ndipo uiondoe. Picha za utupu, vitisho vya kumdhuru mtu, na utapeli wa fedha havisubiri. Vinaondoka papo hapo.

Ukishaondoa, mjulishe kwa ujumbe. Usiandike insha. Kitu kama hiki kinatosha: «Posti yako ya leo saa 4 asubuhi imeondolewa kwa kanuni ya 3, kwa sababu ina neno mwizi na namba ya simu ya mtu. Habari ya lumbesa inaruhusiwa. Unaweza kuiweka upya bila hivyo viwili. Kama hukubaliani, andika kwa msimamizi mwingine ndani ya siku 7. Mimi sitahusika katika uamuzi huo.» Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa. Rufaa inayorudi kwa aliyetoa hukumu ni kupoteza muda wa watu.

Maana yake unahitaji wasimamizi zaidi ya mmoja. Watatu ni idadi nzuri kwa kundi lenu: mmoja mkulima, mmoja mnunuzi, mmoja asiyeuza wala kununua viazi, labda mwalimu au afisa ugani aliyestaafu. Ugonjwa mkubwa wa makundi ya biashara ni msimamizi ambaye naye ni dalali. Posti za washindani wake zinakufa kimyakimya na za kwake zinabandikwa juu. Hata kama hafanyi hivyo, watu watadhani anafanya. Mkubaliane kwamba msimamizi haamui posti inayomhusu yeye, ndugu yake au mteja wake. Na wote watatu wawashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti zao. Kundi lenye msimamizi mmoja hutekwa siku anapotuma kwa tapeli ile namba ya siri iliyoingia kwenye simu yake, na kulirudisha ni shughuli ya wiki nyingi.

Weka pia daftari, au karatasi ya mahesabu kwenye simu: tarehe, kanuni iliyovunjwa, hatua, nani aliamua, rufaa iliishaje. Mistari mitano kwa tukio inatosha. Baada ya mwaka futa yaliyopita, kwa sababu nayo ni taarifa binafsi za watu. Faida yake utaiona siku mtu atakaposema mnawaonea watu wa Njombe. Utafungua na kuhesabu badala ya kubishana.

Adhabu zipande ngazi. Kosa la kwanza, kuondoa posti na onyo. La pili, kusimamishwa siku 7. La tatu, siku 28. La nne, kutoka. Utapeli na vitisho vinaruka ngazi moja kwa moja hadi mwisho.

Kanuni zenyewe ziwe chache. Facebook inakupa nafasi ya kanuni 10 na maswali 3 ya kujiunga. Usizijaze zote kwa sababu zipo. Sita zinatosha, kwa Kiswahili cha sokoni, na kila moja iseme kinachoruhusiwa kabla ya kinachokatazwa. Hiyo ya 3 ningeiandika hivi: «Malalamiko kuhusu mnunuzi, dalali au mkulima yanaruhusiwa kama wewe mwenyewe ulihusika. Taja tarehe, soko au kijiji, idadi ya magunia, mlichokubaliana na kilichotokea. Usimwite mtu mwizi, tapeli au jambazi. Usiweke namba ya simu, picha ya uso, ya gari wala ya nyumba. Anayelalamikiwa ana saa 48 za kujibu, na jibu lake litabandikwa chini ya lalamiko.» Ya mbegu iseme anayetangaza aweke picha inayosomeka ya lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Nyingine ihusu malipo ya awali kwenye komenti, ambako ndiko matapeli huvulia. Kanuni za «tuheshimiane» na «lugha nzuri» ziache. Hazimwambii mtu chochote, na ndizo msimamizi aliyekasirika huzikimbilia akikosa kanuni halisi.

Usitegemee mashine za Facebook zikufanyie kazi hii. Januari 2025 Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilitangaza kwamba uchujaji wake wa kimashine utajikita kwenye makosa mazito kama ugaidi, unyanyasaji wa watoto, dawa za kulevya na utapeli, na kwamba makosa madogo yatasubiri mtu aripoti. Kashfa dhidi ya dalali wa Uyole, iliyoandikwa nusu Kiswahili nusu Kinyakyusa, msomaji wake wa uhakika ni wewe.

Sasa upande ambao wewe ndiye mpangaji. Nakisia tangazo lenu liliwekwa kwa maneno yaleyale, picha ileile na namba ileile kwenye makundi mengi ndani ya dakika chache. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kabisa. Mashine haisomi kama mbegu ni nzuri, inatazama mwenendo. Maandishi yanayofanana yakitoka kwa kasi kutoka akaunti moja yanaonekana kama ya tapeli, na ukitia linki iliyofupishwa umejimaliza. Yale maneno ya «komenti namba 1 upate bei» nayo Facebook imekuwa ikiyashusha tangu mwaka 2017. Weka maelezo kamili mara moja kwenye kundi lenu, yabandike juu, kisha kwenye makundi mengine peleka matoleo mafupi yanayotofautiana, matatu au manne kwa siku. Na kama humo mna wafugaji wa Rungwe, wajue kwamba kuuza ng'ombe kupitia Marketplace, sehemu ya Facebook ya kuuza na kununua, kunakatazwa kabisa, hata awe ndama wa maziwa mwenye vyeti vyote. Huko kufutiwa hakuna rufaa itakayosaidia.

Kukata rufaa, fungua ile arifa ya kufutiwa, au sehemu ya mipangilio inayoonyesha hali ya akaunti yako, chagua kwamba hukubaliani na uamuzi, kisha piga picha ya kila hatua. Usiweke tangazo lilelile tena wakati rufaa inasubiri. Mnaongeza doa, yaani alama ya kosa kwenye akaunti, juu ya doa. Kwa utaratibu ambao Meta iliutangaza Februari 2023, kwa makosa mengi doa la kwanza ni onyo. La 2 hadi la 6 huzuia baadhi ya mambo, kwa mfano kuposti kwenye makundi. La 7 hukuzuia kuposti siku 1, la 8 siku 3, la 9 siku 7, la 10 siku 30. Doa hufutika baada ya mwaka 1. Kama ni akaunti nzima iliyosimamishwa, una siku 180 za kukata rufaa, zikipita imekwenda.

Juu ya rufaa hiyo ipo Bodi ya Usimamizi ya Meta (Oversight Board), iliyoanza kupokea kesi Oktoba 2020, ambayo uamuzi wake juu ya posti husika unaibana Meta. Ukishindwa rufaa ya kwanza hupewa namba ya kumbukumbu na siku 15 za kuipeleka huko. Lakini bodi huchagua kesi chache sana kati ya nyingi inazopelekewa, na mambo ya spamu na ya Marketplace si ya kwake. Kwa tangazo la mbegu msipoteze usiku.

Kuhusu maelezo ya kubabaisha mliyopewa, hali ya kazi yenyewe inaeleza mengi. Kwa miaka kadhaa ukaguzi wa posti za Facebook za Kiswahili na lugha nyingine za kanda yetu ulifanyika Nairobi kupitia kampuni ya Sama, ambayo ilitangaza kuacha kazi hiyo mwaka 2023. Wakaguzi zaidi ya 180 wakafungua kesi huko Kenya juu ya kuachishwa kazi na mazingira waliyofanyia, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Walikuwa wanatazama picha za mauaji siku nzima. Tangazo la magunia 40 ya mbegu halipati dakika 5 za mtu katika kazi ya namna hiyo, na sehemu kubwa huamuliwa bila mtu kabisa. Siwatetei; kampuni yenye fedha kiasi hicho inaweza kuandika sababu inayoeleweka kwa Kiswahili. Haijalazimishwa tu, kwetu.

WhatsApp ni habari nyingine, kwa ufupi. Ujumbe umefichwa kati ya simu na simu, kwa hiyo kampuni haiusomi mpaka mtu aripoti. Anayeripoti huwapelekea ujumbe wa mwisho hadi 5 wa anayelalamikiwa. Msimamizi anaweza kumfutia kila mtu ujumbe wa mwanachama, na anaweza kuweka kundi liwe la wasimamizi tu kuandika. Hilo la pili litumie kwa saa chache vurugu zikizidi, kisha ufungue. Makundi mengi hufungwa «kwa muda» na kubaki hivyo mpaka watu wanahama. Namba inayotuma ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii» ipelekeni 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Lipo jambo moja hukuliuliza lakini litakuja. Siku moja ofisa wa polisi, wa halmashauri au wa ofisi nyingine ya umma atakuambia ufute posti. Hapo mambo yanabadilika, kwa sababu anayezuia maneno sasa ni dola, na Ibara ya 18 inasimama pale ilipokusudiwa hasa. Ni kitu kile kile kilichoonekana Mei 2025, mtandao wa X (zamani Twitter) ulipofungwa kwa walioko Tanzania: kampuni haikufuta kitu, nchi ndiyo iliyofunga mlango. Ni hivyo pia kama mtendaji wa kata ataanzisha kundi kwa cheo chake na kuwatoa wanaomkosoa. Kwa Wamarekani, kesi ya Lindke dhidi ya Freed ya mwaka 2024 iliuliza maswali mawili tu, kama ofisa alikuwa na mamlaka ya kuisemea serikali, na kama alijionyesha kuwa anayatumia katika posti husika. Maswali hayo yanafaa kuulizwa hata Mbalizi.

Akija, mpokee vizuri, kisha uombe kwa maandishi: jina lake na cheo, kituo au ofisi, namba ya jalada kama lipo, kifungu cha sheria anachokitumia, na posti gani hasa. Wengine watakasirika, omba hivyohivyo, kwa adabu. Hifadhi skrinishoti kabla ya kutii chochote, maana aliyeandika ana haki ya kujua ni nani aliyeamuru. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zimebadilishwa mara kadhaa tangu zilipotoka mwaka 2018 na zina muda mfupi wa kuondoa maudhui baada ya kuagizwa, kwa hiyo usiache barua ikae mezani siku mbili ukitafuta ushauri. Ofisi ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapohapo Mbeya, nenda na barua mkononi ukaulize inakuhusu vipi. Na huyo mwanachama wa lumbesa mrudishe leo, ukiwa na kanuni ya 3 na jina la msimamizi atakayesikiliza rufaa yake.